Madaraja ya kamba kwenye Crash Bandicoot N. Sane Trilogy: jinsi ya kuvuka Road to Nowhere na The High Road bila kumaliza maisha yote

Kama unacheza Crash ya kwanza ndani ya N. Sane Trilogy (mkusanyiko wa gemu tatu za zamani za Crash zilizojengwa upya) na umekwama kwenye daraja la kamba, huu mwongozo ni wako. Malalamiko ni yale yale kila siku: mtu kapita vizuri tu steji za mwanzo, kawapiga mabosi wawili wa kwanza, Papu Papu na Ripper Roo, halafu anafika Road to Nowhere na maisha kibao na anatoka na Game Over. Akijikongoja akapita, mbele anakutana na The High Road baada ya bosi Pinstripe na hapo ndo anazima mashine kabisa.

Na cha kushangaza wanaoumia zaidi ni wale waliocheza ile ya zamani kwenye PS1, maana vidole vyao vinakumbuka gemu nyingine.

Historia naiacha. Twende kwenye kazi.

Kwanini unadondoka hata ukiwa umeruka vizuri

Hii isome hata kama una haraka, maana ukiielewa nusu ya tatizo imeisha.

Gemu hii studio ya Vicarious Visions waliijenga upya yote, na namna Crash anavyotembea na kuruka walianzia na ile ya gemu ya tatu, Warped, sio ya kwanza. Umbali wa kuruka walijitahidi ufanane na wa zamani. Ila injini ni nyingine, na namna mwili wa Crash unavyogusana na vitu ni nyingine, hilo Activision wenyewe, kampuni iliyoitoa gemu, walilieleza baada ya gemu kutoka mwaka 2017, kwamba kuna sehemu zinataka umakini kuliko ile ya 1996.

Kwa vitendo kuna mambo mawili. La kwanza, sehemu ya chini ya Crash sasa ni ya duara kama kidonge, kwa hiyo akitua kwenye ukingo wa ubao hasimami, anateleza taratibu anaenda chini. Kwenye PS1 kidole cha mguu kikigusa tu ulikuwa umesalimika, hapa hapana. La pili, akishafika juu kabisa ya mruko anashuka haraka kuliko ulivyozoea. Kwahiyo ukikosea kidogo huna ule muda wa hewani wa kujirekebisha.

Kwenye steji za kawaida husikii hiyo tofauti kwa sababu ardhi ni pana. Kwenye daraja kila ubao una kingo mbili na pengo mbele, ndo maana kila kosa linaonekana.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

Usidharau hii sehemu. Kuna watu wanapigana na TV yao wakidhani wanapigana na daraja.

- Gemu yenyewe, kwenye PS4, Xbox One, Switch au PC (kwa PC andaa kama GB 30 za nafasi na RAM ya GB 8).
- Pedi yenye mishale inayofanya kazi vizuri. Narudia, mishale, sio kijiti cha analogi peke yake.
- TV ikiwa kwenye Game Mode. Ingia kwenye seting za picha, itafute, iwashe. TV nyingi za kisasa zinachakata picha kwanza ndo zikuonyeshe, unabonyeza batani sasa hivi Crash anaruka baadae kidogo, na kwenye daraja hicho kidogo ndo kifo. Kama unacheza Switch na umechoka kuhangaika, itoe kwenye doki uicheze mkononi, utaona tofauti.
- Maisha ya kutosha. Thelathini kwenda juu kwa Road to Nowhere, kwa The High Road ongeza.
- Utulivu. Ukishakasirika vidole vinabonyeza kwa nguvu na kwa pupa, pumzika kidogo ndo urudi.

Wanaocheza PC wana faida moja, gemu inaenda hadi fremu 60 kwa sekunde wakati kwenye PS4, Xbox One na Switch ni 30. Kama mashine yako inaweza 60 bila kutetereka iweke hapo. Ikiwa inapanda na kushuka, bora uipunguze michoro ili itulie, maana fremu zinazoyumba ni mbaya kuliko fremu chache zilizotulia.

Kama unacheza banda la gemu kwa kulipia muda, muulize mwenye banda TV ipi imewekwa Game Mode na pedi ipi haijachoka. Kijiti kinachovuta chenyewe upande mmoja hakifai kabisa hapa.

Batani ni rahisi. Kwenye PlayStation X ni kuruka na mraba ni spini (Crash anajizungusha kupiga adui au kuvunja boksi). Xbox ni A na X. Switch ni B na Y. Basi. Crash ya kwanza hana kuserereka, hana kuruka mara mbili. Ukitoka kucheza Warped moja kwa moja ukaja hapa utabonyeza kuruka mara ya pili hewani bila kujua na hakuna kitu kitatokea, kwahiyo cheza kwanza steji moja au mbili za kawaida za gemu ya kwanza vidole vizoee.

Hatua ya 1: Kusanya maisha

Rudi kwenye ramani, nenda steji za mwanzo ambazo unazipita huku umefumba macho. Vunja maboksi yenye sura ya Crash, kusanya matunda ya Wumpa (100 ni maisha moja), na usiache raundi za bonasi. Raundi ya bonasi kwenye toleo hili ukidondoka hupotezi maisha na, tofauti na zamani, unaweza kuirudia, kwahiyo hakuna sababu ya kuikimbia.

Kwanini tunaanza hapa wakati maisha hayakufundishi kuruka? Kwa sababu ya maboksi ya chekpointi, yale yenye herufi C ambayo ukifa unaanzia hapo. Ukiwa na maisha unarudia kipande kile kile kilichokushinda mara nyingi mfululizo, na hivyo ndivyo kidole kinavyojifunza. Ukiishiwa unarudishwa mwanzo wa steji na unatumia nguvu zako zote kurudia sehemu ambayo tayari unaiweza, ukifika kwenye shida umeshachoka.

Tahadhari: usikusanye mpaka ukachoka. Kusudi ni daraja.

Hatua ya 2: Jifunze kushikilia batani ya kuruka

Hapa ndo pana kosa kubwa kuliko yote na watu hawaamini wakiambiwa.

Urefu wa mruko unategemea umeshikilia batani muda gani. Ukiigusa na kuachia Crash anaruka kidogo tu, ukiishikilia anaenda juu na mbali. Wengi wetu tumezoea kugonga batani na kuachia, na kwenye steji za kawaida inatosha. Kwenye daraja haitoshi, unapungukiwa kidogo tu, unagonga ukingo wa ubao, unateleza, umeenda.

Fanya hivi. Nenda steji yoyote yenye ardhi pana, simama, ruka mara kadhaa kwa kugusa tu halafu ruka kwa kushikilia mpaka Crash atue. Angalia tofauti ya urefu. Halafu fanya hivyo hivyo ukiwa unakimbia. Endelea mpaka kidole gumba kikubali kwamba kuruka maana yake ni kubonyeza na kukaa hapo hapo.

Ila sio kila pengo linataka mruko mrefu. Kuna mbao zimekaribiana na ukishikilia mpaka mwisho unaupita ubao unaotaka na kutua kwenye hewa. Kwa hiyo unahitaji miruko miwili mkononi, mfupi na mrefu, na ujue unautumia upi kabla hujaondoka kwenye ubao uliopo. Ukiamua ukiwa hewani umechelewa.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuita "mfupi" au "mrefu" kichwani na Crash akafanya hivyo hivyo bila wewe kuangalia kidole.

Hatua ya 3: Tumia mishale, na angalia kivuli

Daraja limenyooka kwenda mbele. Wewe unachohitaji ni mbele, na mara chache nyuma. Kijiti cha analogi kinakupa mbele-kushoto-kidogo, mbele-kulia-kidogo, na hiyo kidogo ndo inakupeleka pembeni bila kujua. Mshale wa juu ni juu, hauna mjadala. Kwenye Switch zile batani nne za mwelekeo za Joy-Con ya kushoto zinafanya kazi hiyo hiyo.

Sasa kivuli. Crash akiwa hewani kuna kivuli chini yake, na kile kivuli kinakwambia ukweli kuhusu mahali utakapotua. Mwili wa Crash unakudanganya kwa sababu kamera iko nyuma na juu kidogo, na ukungu wa hizi steji unafanya mapengo yaonekane mafupi au marefu kuliko yalivyo. Zoeza macho yako yasimwangalie Crash, yaangalie kivuli. Kivuli kikiwa katikati ya ubao, achia mshale, utatua. Kikiwa bado kwenye ukingo wa karibu, endelea kushikilia mbele.

Watu wanaobisha kuhusu hili huwa wanabadilika wakilijaribu. Kwa maoni yangu kivuli kinasaidia kuliko mbinu nyingine yoyote iliyopo kwenye mwongozo huu, hata kuliko ile ya kamba tutakayoifikia.

Hatua ya 4: Ruka kutoka mahali sahihi pa ubao

Ukijua kwamba ukingo unateleza, utaelewa kwanini usisimame kwenye ukingo kujipima. Mtu anasogea mbele taratibu, taratibu, anataka aruke akiwa mwisho kabisa ili pengo liwe dogo, na kabla hajabonyeza Crash ameshaanza kushuka.

Mahali pazuri ni baada tu ya katikati ya ubao, ukiwa unatembea mbele. Mguu wa nyuma uwe bado una ubao. Ukishikilia batani ya kuruka ipasavyo, umbali wa hapo unatosha kwa mapengo ya kawaida.

Na lenga katikati ya ubao unaofuata, sio mwanzo wake. Kutua mwanzo wa ubao ni kutua ukingoni.

Usipige spini wakati wa kutua kama hakuna adui wala boksi. Watu wana tabia ya kuzungusha kila wakati kwa wasiwasi, na kwenye daraja inakuondolea umakini kwenye kivuli.

Hatua ya 5: Soma mbao kabla ya kuzikanyaga

Sio mbao zote ni sawa, na daraja linataka ukimbie bila kuangalia ili likuue.

Kuna mbao nzima, hizi unaweza kusimama ukapumua. Zitafute, zihesabu kama vituo vyako.

Kuna mbao mbovu zilizochakaa zinazovunjika ukizikanyaga. Hizi ukitua juu yake tayari unatakiwa uwe unajua unaenda wapi, unagusa na kuondoka. Kosa la kawaida ni kuzikuta mbili tatu mfululizo, mtu anaruka ya kwanza vizuri halafu anashtuka na kusimama kwenye ya pili kufikiria. Fikiria ukiwa bado kwenye ubao mzima. Angalia mbele, panga: mfupi, mfupi, mrefu. Halafu ondoka na usisite mpaka ufike ubao mzima mwingine.

Na kuna mbao zenye barafu, The High Road inazo na zinatesa watu sana. Kwenye barafu Crash hasimami ukiachia mshale, anaendelea kuteleza, na akianza kutembea anachukua muda kushika kasi. Kwahiyo sheria ni mbili. Achia mshale ukiwa bado hewani ili utue na kasi ndogo, na ukishatua usijaribu kusimama, ruka tena mapema kuliko unavyohisi ni sawa. Ukijaribu kujirudisha nyuma kwenye barafu unateleza mbele kwanza halafu ndo unarudi, na ubao hauna urefu wa kutosha kwa mchezo huo.

Umefaulu ukiona unavuka kundi zima la mbao mbovu kwa mdundo mmoja, kama vile ni mruko mmoja mrefu uliogawanyika.

Hatua ya 6: Nguruwe

Kwenye daraja kuna nguruwe wanaokimbia. Usiende kumpokea. Simama kwenye ubao mzima, mwache aje, mpige spini akiwa karibu. Ukiruka kumkwepa mara nyingi unatua pabaya kwa sababu macho yako yalikuwa kwake na sio kwenye kivuli.

Kinyago cha Aku Aku kitakulinda akikugonga, mradi unacho. Lakini elewa kitu kimoja ambacho kimewaangusha wengi, Aku Aku haokoi mtu anayedondoka. Unaweza kuwa na vinyago viwili na bado pengo likakumaliza. Kwahiyo usijiamini kwa sababu ya kinyago.

Hatua ya 7: Kobe

Hii ndo sehemu inayofanya watu watupe pedi, tuipe muda.

Kobe ni daraja lako. Kuna mapengo ambayo mruko wa kawaida haufiki hata ufanyeje, na kobe amewekwa pale kwa sababu hiyo. Ukimpiga spini anaruka anapotea, na umejifungia njia mwenyewe. Kwahiyo sheria ya kwanza: ukiona kobe karibu na pengo kubwa, toa kidole kwenye mraba.

Mrukie juu. Ukimrukia mara ya kwanza anageuka chali, tumbo juu. Sasa amekuwa trampolini. Mrukie tena juu ya tumbo huku umeshikilia batani ya kuruka na anakurusha juu na mbali kuliko mruko wa kawaida.

Neno muhimu hapo ni huku umeshikilia. Usisubiri uguse tumbo ndo ubonyeze, batani iwe tayari iko chini kabla hujamgusa na iendelee kuwa chini mpaka utue ng'ambo. Ukiiachia katikati mruko unakatika, unafika nusu ya pengo.

Kitu cha pili ni mahali alipo kobe. Huyu mtu anatembea kwenda na kurudi. Ukimgeuza akiwa mbali na pengo, trampolini yako iko mbali na pengo na umbali hautoshi. Kwahiyo simama nyuma, mwangalie mwendo wake, subiri awe anaelekea mwisho wa ubao upande wa pengo, mgeuze pale. Ukimgeuza pabaya mwache ainuke uanze upya, kama nafasi ya kusimama unayo. Hakuna saa inayokukimbiza, isipokuwa unacheza kwa relikwi (zawadi ya kumaliza steji kwa muda mfupi).

Na kitu cha tatu, baada ya mdundo wa kobe uko juu sana na macho yanachanganyikiwa. Kivuli tena. Shikilia mshale wa mbele, macho kwenye kivuli, kikifika katikati ya ubao achia.

Umefaulu ukiona umetua ng'ambo na bado una nafasi ya ubao mbele na nyuma yako. Ukitua kwa bahati kwenye ukingo, jua kidole kiliachia mapema, kipande kijacho cha kobe kitakuonyesha.

Hatua ya 8: Kamba za pembeni

Sasa ile mbinu mliyokuwa mnaisubiri. Ndiyo, inafanya kazi kwenye toleo hili jipya kama ilivyokuwa kwenye PS1. Zile kamba za pembeni ya daraja, zile za kushikia, unaweza kutembea juu yake.

Simama kwenye ubao mzima karibu na pembeni. Ruka mrefu ukielekea pembeni na mbele kidogo ili utue juu ya kamba. Mara ya kwanza utapita juu yake au utagonga na kurudi, ni kawaida, usikate tamaa. Ukishatua juu ya kamba, achia kila kitu, acha Crash atulie. Halafu mshale wa mbele tu, taratibu. Hapa ndo utajua kwanini nilikazania mishale, ukitumia kijiti ukaenda pembeni nywele moja, unateleza kwa sababu ya ile duara ya chini.

Usiruke ukiwa juu ya kamba bila sababu. Tembea tu. Mbao mbovu, barafu, kobe, vyote vinabaki pembeni yako. Unafika mwisho wa kipande cha daraja, unashuka kwenye sehemu ngumu ya kusimama, unapumua, unaanza kipande kinachofuata.

Kuna watu watakwambia huo ni udanganyifu. Mimi sioni hivyo. Kamba iko kwenye gemu, waliotengeneza upya waliiacha imara ya kutembelea, na kutua juu yake kunahitaji ufundi wake. Ila nashauri Road to Nowhere uivuke kwa mbao angalau mara moja kabla hujahamia kwenye kamba, kwa sababu mbele kuna steji kama Slippery Climb ambazo hazina kamba ya kukuokoa na zinataka ule ule mruko wa kushikilia na kutua katikati.

Kuna hasara pia, maboksi mengi yako juu ya mbao. Ukipita kwenye kamba unayaacha.

Kama unataka jiwe la thamani

Jiwe unapata ukivunja maboksi yote ya steji. Habari njema ni kwamba kwenye toleo hili jiwe la kawaida lisilo na rangi, kama hili la kwenye The High Road, linapatikana hata kama umekufa njiani. Mawe ya rangi ndo yanataka usife hata mara moja, na hayo yapo kwenye steji nyingine.

Kinachotakiwa ujue ni kuhusu chekpointi. Maboksi uliyovunja kabla ya kugusa C yamehesabiwa. Uliyovunja baada ya C yanarudi ukifa, kwahiyo uyavunje tena. Watu wanafika mwisho wanakuta wamepungukiwa moja au mawili, mara nyingi ni kwa sababu walikufa, wakarudi, na wakayapita yale waliyodhani wameshamaliza.

Mpango ninaoupenda: pita mara ya kwanza bila kujali maboksi, umalize steji, gemu isevu. Halafu rudi kwa ajili ya jiwe ukiwa huna presha, uvunje kila boksi lililo mbele yako kabla ya kuendelea. Boksi lililo juu ya ubao mbovu lirukie, usilizungushe, maana kulirukia kunakupa mdundo wa kuendelea mbele wakati ubao unaondoka. Unaweza pia kuchanganya, kamba kwenye sehemu isiyo na maboksi, mbao kwenye yenye maboksi.

Kama unataka relikwi za muda

Usiguse saa mpaka uwe umeshaivuka steji mara kadhaa kawaida. Ukigusa saa ya njano mwanzoni, muda unaanza kwenda, na ukifa unarudi mwanzo kabisa, chekpointi hazipo. Maboksi yenye namba 1, 2 na 3 yanasimamisha saa kwa sekunde hizo, kwahiyo yanayokaa njiani yachukue, yaliyo mbali na njia yapime kama yanalipa.

Hapa kamba ni rafiki mkubwa. Ila badilisha mpango kidogo, usipande kamba mwanzo wa kila kipande. Pale ambapo mbao ni nzima na zimekaribiana kukimbia juu yake ni haraka kuliko kuhangaika kupanda kamba. Panda kamba pale palipo na kobe na mapengo marefu, maana kumsubiri kobe ageuke mahali sahihi kunakula sekunde nyingi sana.

Bado unadondoka? Angalia hapa

Unagonga ukingo wa mbele wa ubao unaofuata na kuteleza: unaachia batani ya kuruka mapema, au umerukia nyuma sana ya ubao. Rudi hatua ya 2.

Unaupita ubao na kutua mbele yake: ulitumia mruko mrefu palipotaka mfupi, au hukuachia mshale kivuli kilipofika katikati.

Unaenda pembeni: unatumia kijiti. Au kijiti chenyewe kinavuta hata usipokigusa, jaribu pedi nyingine.

Unabonyeza na Crash anadondoka bila hata kuruka: aidha ulikuwa umeshaanza kuteleza kwenye ukingo, au TV yako inachelewa. Kuitofautisha ni rahisi, simama kwenye ardhi pana, bonyeza kuruka huku ukisikiliza mlio wa batani na kuangalia skrini. Ukiona kuna nafasi kati ya mlio na mruko, ni TV.

Kobe hakurushi mbali: batani haikuwa chini ulipogusa tumbo.

Umejaribu Coco, dada yake Crash, ukidhani yeye ni mwepesi: anatembea na kuruka sawa na Crash, hakuna unafuu hapo. Mchague kwa sababu unampenda.

Ukifika mwisho wa The High Road unaingia Slippery Climb, nayo inapanda juu badala ya kwenda mbele. Usiiingie siku hiyo hiyo kama vidole vimechoka, sevu, na ukirudi uanze na mruko mmoja mrefu na mmoja mfupi pale mwanzoni kabla hujagusa ngazi ya kwanza.